Nungwi mweupe, Bagamoyo wa kahawia: mchanga wa pwani unapata wapi rangi yake?

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi na mume wangu tuna nyumba ndogo ya wageni Bagamoyo, upande wa kuelekea Kaole. Wageni wengi wanafika kwetu wakitokea Nungwi na Paje, na neno la kwanza ni kwamba mchanga wetu mchafu, kwa kuwa wa kule ni mweupe na wetu ni wa kahawia. Tangu msimu wa kusi wa mwaka jana tunaona pia michirizi myeusi inayong'aa chini ya minazi. Jirani anasema ni mafuta ya meli. Kuna kijana alikuja na sumaku, mchanga ule mweusi ukanasa, akasema ni madini, tumjazie viroba atanunua. Mume wangu yeye anataka tulete mchanga mweupe kwa jahazi tufunike huu wetu. Kwenye simu nimeona kuna fukwe nyeusi, za waridi, mpaka za kijani. Rangi hizi zinatoka wapi, na sisi tufanye nini?"*

Marahaba, dada yangu. Naona hapo kwenu kila mtu ana lake: mgeni, jirani, kijana wa sumaku na baba mwenye nyumba. Tuwachukue mmoja mmoja.

Nianze na linalogusa mfuko. Mchanga kuwa wa kahawia si dalili ya uchafu. Ufukwe unachafuliwa na mifuko ya plastiki, nyavu zilizokatika, matumbo ya samaki, maji ya choo yanayotiririka kutoka uani. Hayo yote yanaweza kuwepo kwenye ufukwe mweupe pepepe na yasiwepo kwenye ule wa kahawia. Rangi inajibu swali jingine kabisa: hizi punje zilikuwa nini kabla ya kuwa mchanga, na zilifikaje hapo.

Sisi wa jiolojia tukisema "mchanga" tunataja ukubwa tu. Punje yoyote iliyo kati ya milimita 0.06 na milimita 2 ni mchanga, iwe ya jiwe, ya kombe, ya matumbawe au ya chupa iliyosagika. Ikiwa ndogo zaidi inaingia kwenye tope, ikiwa kubwa zaidi ni kokoto. Kwa hiyo hakuna rangi ambayo ndiyo "ya kweli" ya mchanga, na zile nyingine zikawa zimeharibika.

Fanya hivi kesho asubuhi. Chota kiganja cha mchanga kutoka juu ya mstari wa maji kujaa, usuuze kwa maji ya bomba mpaka chumvi iishe, uanike, kisha umwage kidogo kwenye sahani nyeupe. Washa kamera ya simu na ukuze picha mpaka mwisho. Nyingi zitakuwa punje zinazopitisha mwanga, kingo zake zimelainika kidogo. Hiyo ni kwatzi. Itazame vizuri, utaona punje nyingi zina ukoko mwembamba wa manjano au hudhurungi, hasa ndani ya vishimo na nyufa. Ukoko huo ni kutu, chuma kilichokutana na hewa na maji. Kati yake zimo punje zisizopitisha mwanga, nyeupe iliyofifia au zenye wekundu wa mbali. Hizo ni feldispa. Ukiinamisha sahani utaona vijipande bapa vinavyomeremeta kisha kuzimika. Huo ni ulanga, ndio huo huo uliochimbwa milima ya Uluguru enzi za ukoloni. Halafu punje chache nyeusi tii, pengine moja mbili za rangi ya damu ya mzee, na vipande vya makombe. Changanya vyote hivyo, rudi nyuma hatua tatu, jicho litakuambia "kahawia". Ukitia mchanga huo huo kwenye asidi ya kuondoa kutu, kama tunavyofanya maabara, kwatzi inatoka nyeupe. (Usijaribu jikoni.)

Sasa ulanga wa Uluguru umefikaje Kaole? Kwa mto Ruvu. Mto ule unaanzia milimani Morogoro, unapokea Mgeta na Ngerengere, unapita Mlandizi na kumwaga baharini kaskazini ya mji wa Bagamoyo. Miamba ya Uluguru ni ya kale sana; ilipikwa na kukandamizwa chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, ikawa miamba yenye tabaka za kwatzi, feldispa, ulanga na ganeti, yale madini ya rangi ya damu ya mzee. Mvua, jua na mizizi vinaivunja, mto unaibeba. Pepo za msimu zinausukuma mchanga huku na huko kando ya pwani, kusi ikiupeleka kaskazini, kaskazi ikirudisha kiasi. Na ardhi yenyewe mliyojengea hapo imetandikwa na mchanga na udongo wa mito ya zama za nyuma.

Njiani kuna uchujaji mkali. Kwatzi ina ugumu wa 7 katika kipimo cha 10, kisu cha jikoni hakiikwaruzi, na maji ya mvua karibu hayaiyeyushi kabisa. Feldispa haina bahati hiyo. Maji yenye asidi kidogo, kama ya mvua iliyopita kwenye udongo wa msitu, yanaigeuza polepole kuwa udongo wa mfinyanzi. Kaolini ya vilima vya Pugu, pale nje ya Dar es Salaam, ni zao la mabadiliko ya namna hiyo. Udongo huo ni mwepesi mno kutulia ufukweni, unabaki umeelea majini. Ndiyo maana wakati wa masika bahari yenu inageuka rangi ya chai ya maziwa. Wageni wanaona maji yale na mchanga ule, wanajumlisha, wanasema "pachafu". Kumbe ni mlima mmoja umegawanyika: punje ngumu zimebaki kwenye mchanga, zilizooza zimebaki kwenye maji.

Kuna na jambo dogo linalowaponza zaidi. Mchanga uliolowa huonekana mweusi zaidi ya mkavu, kwa sababu maji yakijaza nafasi kati ya punje mwanga unazama ndani badala ya kurudishwa machoni. Hapo kwenu maji yakipwa yanaacha uwanda mpana uliolowa kwa saa kadhaa. Mgeni anayeshuka ufukweni saa nne asubuhi ya bamvua, maji yakiwa yamepwa, anaona ufukwe ukiwa katika sura yake nyeusi kuliko zote. Mshushe jioni, kwenye mchanga mkavu wa juu, umuulize tena.

Nungwi na Paje ni habari nyingine. Unguja haina mlima wa miamba ya kale wala mto mkubwa unaomwaga mchanga baharini. Upande ule kisiwa chenyewe ni mawe ya matumbawe ya zamani, na nje yake kuna mwamba hai wa matumbawe. Mchanga wake unatengenezwa pale pale majini. Mawimbi yanavunja matumbawe na makombe. Kuna aina za mwani zinazojijengea chokaa mwilini, zikifa zinasambaratika na kuwa mchanga. Halafu kuna pono. Samaki huyu ana meno yaliyoungana kuwa mdomo mgumu, anatafuna mawe ya matumbawe ili apate mwani ulioota juu na ndani yake, anasaga jiwe kooni, kisha anatoa mchanga safi kwa nyuma. Pono wa aina kubwa mmoja anaweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Mgeni wako akisifu tena weupe wa Nungwi, mwambie kwa upole kwamba sehemu ya ule uzuri imepita tumboni mwa samaki. Mara nyingi mazungumzo ya uchafu yanaishia hapo.

Chokaa ya baharini ni nyeupe kwa asili na haina chuma cha kuota kutu, basi mchanga wake ni mweupe. Tena ni laini, ugumu wake hauzidi 4, kwa hiyo hausafiri mbali. Ukiburuzwa kilomita nyingi unasagika ukawa unga. Ndiyo maana mchanga wa matumbawe unaukuta karibu na matumbawe. Na matumbawe yanahitaji maji maangavu. Mbele ya mdomo wa mto unaotoa tope kila masika hayastawi. Mlipo nyinyi mnapata mlima, walipo wao wanapata mwamba wa bahari. Ila hamjanyimwa kabisa. Kule nje kwenye fungu la Mwambakuni, mbali na tope la Ruvu, maji yakipwa mchanga unaotokeza ni wa matumbawe. Manahodha wa Bagamoyo wanapajua.

Ukitaka kuhakikisha, chukua ndimu. Kamua matone machache juu ya mchanga wa Nungwi, utatoa povu na kuchirizika, kwani asidi inakula chokaa. Kamua juu ya mchanga wenu, utakaa kimya isipokuwa pale tone lilipoangukia kipande cha kombe. Kipimo hiki kina maana kwa sababu weupe peke yake haukuambii kitu. Ufukwe wa Whitehaven huko Australia ni mweupe sana na hauna uhusiano na matumbawe. Ni kwatzi tupu iliyooshwa mpaka kutu yote ikaisha. Siesta Key, Florida, ni hivyo hivyo. Ndimu juu ya mchanga ule haifanyi lolote.

Nimefanya kazi zaidi upande wa Tanga, na kule hadithi hizi mbili zinakutana ndani ya mkoa mmoja. Mto Zigi unashuka kutoka Amani, Usambara Mashariki, unaingia ghuba ya Tanga na tope lake, na kandokando unakuta mikoko na fukwe za kijivu na kahawia. Hapo hapo, mapango ya Amboni yamechongwa ndani ya mawe ya chokaa ya enzi za Jurasiki, chokaa ya bahari iliyokauka zamani. Ukishuka Pangani, mto unaleta mchanga wa Usambara na Upare, na punje za volkano kutoka upande wa Kilimanjaro na Meru. Kisha ukipanda boti kwenda Maziwe, nje kidogo ya mdomo wa mto ule, unakanyaga fungu la mchanga mweupe wa matumbawe. Safari fupi ya boti, milima na bahari vimebadilishana zamu. Na kaskazini zaidi, bonde la mto Umba ni maarufu duniani kwa ganeti zake. Punje zile za damu ya mzee ulizoziona kwenye sahani ni za ukoo huo, ingawa zenu zimetoka milima mingine na hazifai hereni.

Hizo rangi za kwenye simu sasa, kwa haraka. Nyeusi ya Punaluʻu, Hawaii, au Reynisfjara, Iceland, ni lava ya basalti iliyosagika. Huna haja ya kwenda huko, kwani Ngazidja, visiwani Komoro, kuna fukwe nyeusi za lava ya volkano ya Karthala na fukwe nyeupe za matumbawe kwenye kisiwa kimoja. Kijani ya Papakōlea, pia Hawaii, ni madini ya olivini yaliyotoka kwenye kilima cha volkano kinacholiwa na bahari. Bahari inachukua majivu mepesi, olivini nzito inabaki. Waridi ya Bermuda na Harbour Island, Bahamas, inatoka kwa kiumbe mdogo mwenye gamba jekundu anayeishi chini ya matumbawe; akifa gamba lake linachanganyika na mchanga mweupe. Wekundu wa Kaihalulu, kisiwani Maui, ni kilima cha volkano chenye chuma kilichoota kutu. Zambarau ya Pfeiffer, California, ni michirizi ya ganeti, nayo inakuja na kutoweka kulingana na mawimbi. Picha nyingi za mtandaoni zimetiwa chumvi, hasa za waridi. Ukifika penyewe ni waridi ya kuambiwa.

Hiyo ya Pfeiffer ndiyo iliyo karibu na michirizi yenu, kuliko zile nyeusi za lava. Watu wengi wanachanganya hapa. Ufukwe wa lava ni mweusi kwa sababu kila punje ni nyeusi. Kwenu nyeusi zilikuwepo siku zote, zimetawanyika, chache kati ya nyingi. Kilichotokea ni kwamba bahari imezikusanya. Kwatzi ina uzito wa mara 2.65 ya maji. Kati ya nyeusi hizo, ilmenaiti, ambayo ni madini ya chuma na titani, inafika mara 4.7 hivi, na magnetaiti, madini ya chuma, mara 5.2. Wimbi linapanda na nguvu, likibeba kila kitu. Likirudi limechoka, linaburuza punje nyepesi na kuziacha nzito. Ni kazi ile ile ya ungo: ukipepeta mchele, pumba zinaruka mbele, punje zinabaki. Baada ya siku kadhaa za mawimbi makali ya kusi, chini ya ukingo wa minazi inabaki tabaka nyembamba nyeusi, inayong'aa kwa sababu punje zake ni laini na safi.

Ila jirani yako tusimcheke. Nyeusi za ufukweni ni za namna tatu, na moja ni ya kutisha kweli. Nyeusi ya madini ikikauka inamwagika kama mchanga mwingine, haichafui vidole, haina harufu, na sumaku ya spika bovu inanasa sehemu yake. (Ifunge sumaku kwenye mfuko wa nailoni kwanza, la sivyo utazibandua punje mpaka jioni. Na kinachonasa kirahisi ni magnetaiti. Ilmenaiti inataka sumaku yenye nguvu zaidi, kwa hiyo isiponasa yote usidhani si madini.) Nyeusi ya pili ni ya tope la mikoko. Ukifukua inanuka yai viza, na ukiiacha hewani inafifia na kurudi kijivu au kahawia. Hiyo ni kazi ya vijidudu vinavyoishi pasipo hewa na haina ubaya, ni afya ya mikoko. Ya tatu ni mafuta. Inanata, inanuka petroli au lami, inaacha doa kwenye kidole lisilotoka kwa maji, na jua likipanda madonge yake yanalainika. Mkiona hiyo, msiichome wala kuifukia. Pigeni picha, andikeni tarehe na mahali, mpeleke taarifa ofisi ya mazingira ya halmashauri na kwa NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, siku hiyo hiyo.

Kwa maelezo uliyonipa, yenu inang'aa na imenasa kwenye sumaku. Ni madini.

Basi kijana amesema kweli? Nusu. Madini yapo, na kwa wingi wa kutosha ni mali. Jirani zetu wa Kwale, Kenya, walichimbiwa ilmenaiti, rutaili na zikoni kuanzia mwishoni mwa 2013 hadi mwisho wa 2024, zikasafirishwa kwa meli kutoka Likoni. Pwani ya Tanga nayo imefanyiwa utafiti wa mchanga mzito wa aina hiyo. Lakini pale Kwale ni vilima vizima vya mchanga vilivyochimbwa kwa mitambo na kuchujwa mfululizo, maana tani nzima ya ilmenaiti iliyosafishwa bei yake ni mamia ya dola, haifiki maelfu. Gawa hiyo kwa kilo, kisha ukumbuke kwamba kiroba chenu kitakuwa nusu kwatzi na kimejazwa kwa vijiko. Hata nauli ya bodaboda hairudi. Anayenunua viroba kumi vya mchanga mweusi ama hajui hesabu, ama ana hesabu nyingine ambayo hajakuambia. Kuna wanaotumia "sampuli" kama hizo kuwashawishi watu wachange fedha za leseni na mashine. (Ajabu yake ni kwamba ilmenaiti hii nyeusi kazi yake kubwa ni kutengenezea rangi nyeupe, ya ukutani na hata ya dawa ya meno.)

Na sheria ipo. Madini yote nchini ni mali ya umma, hata yakiwa chini ya mnazi wako. Kuyachimba na kuyauza kunataka leseni ya Tume ya Madini, na mnunuzi naye awe na yake. Muulize kijana akuonyeshe ya kwake. Mkitaka kujua kwa hakika mna nini, msiuze. Pelekeni sampuli ya kilo moja mbili kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma, au anzieni ofisi ya Afisa Madini Mkazi wa mkoa. Nawaonya jambo moja: madini mazito kama haya mara nyingine huandamana na monazaiti, yenye thori, na thori ina mionzi. Fukwe za Kerala, India, na Guarapari, Brazili, zinajulikana kwa hilo. Michirizi mnayoikanyaga nje si ya kuwanyima usingizi, ila msirundike magunia ya mchanga mweusi uliochambuliwa ndani ya chumba cha kulala wala kuutumia kusakafia nyumba kabla haujapimwa.

Nije kwa baba mwenye nyumba na jahazi lake. Namwelewa, anataka wageni waridhike. Tupige hesabu. Tuseme mbele yenu ni mita 40, na mnataka kufunika upana wa mita 20 kwa kina cha sentimita 30, kwa sababu pungufu ya hapo wa chini utatokeza kwa nyayo za siku moja. Hizo ni mita za ujazo 240, karibu tani 380. Hata mkipata jahazi la kubeba tani 20 kila safari, ni safari 19, bila kuhesabu makuli wa kushusha. Na mchanga huo mtautoa wapi? Unguja wenyewe wana shida ya mchanga. Kuuchota kwenye fungu kama Mwambakuni ni kuliua fungu lenyewe. Mafungu haya hayana akiba. Maziwe kilikuwa kisiwa chenye mivinje, watu wazima wa Pangani wanakumbuka. Leo ni fungu tupu linalofunikwa na maji ya bamvua. Halafu msimu mmoja wa kusi ukipita, bahari itakuwa imevuta kwake ulioletwa, imechanganya na wa kwenu, na ufukwe wenu utarudi kahawia.

Mtu atakuuliza, mbona nchi nyingine wanamwaga mchanga fukweni kila mara? Wanamwaga, kwa meli za kufyonza, kwa bajeti za serikali, na wanarudia kila baada ya miaka michache. Tena wanachagua punje zinazofanana na za mahali, kwa ukubwa na kwa rangi. Rangi inabadili joto la mchanga, na joto la kiota ndilo linaloamua vitoto vya kasa wawe madume au majike. Kiota kikiwa juu kidogo ya nyuzi 29 majike wanazidi, chini yake madume wanazidi. Ufukwe wa kasa haubadilishwi rangi kwa sababu ya picha.

Lisilo na madhara ni kutandaza mchanga mweupe kidogo huku ndani, kwenye uwanja wa viti, mbali na maji yanakofika, mkiwa mmeununua kwa muuzaji mwenye kibali. Hiyo ni mapambo, kama zulia, na haina lawama. Lakini kwa maoni yangu fedha ile ingefaa zaidi kwa mtu wa kuokota plastiki kila asubuhi na kwa mapatano na nahodha wa kupeleka wageni Mwambakuni. Weupe wataupata kule, na jioni watarudi kula kwenu. Na wekeni ile sahani, kioo cha kukuzia na ndimu mbili pale mapokezi. Nimeona watoto wa wageni wakishinda nayo, simu zimesahauliwa.

Nimeacha mwisho jambo ambalo hukuliuliza, nalo ndilo linalonitia wasiwasi katika barua yako. Umesema michirizi imeanza kuonekana tangu kusi ya mwaka jana. Tabaka nyeusi ni masalio. Ili ibaki, mchanga mwepesi uliokuwa juu yake lazima uwe umeondoka. Ikija na kupotea kila mwaka ni pumzi ya kawaida ya ufukwe, kusi inachukua, kaskazi inarudisha. Ikizidi kuwa pana mwaka hadi mwaka, na ukiona pia mizizi ya minazi iko wazi, ukingo umekatika wima, ngazi za kushukia zimebaki zinaning'inia, basi bahari inawala.

Msikisie, pimeni. Chagueni minazi miwili au nguzo mbili za zege zilizo imara. Pigeni msumari au alama ya rangi kwenye kila moja, na kila bamvua pimeni kwa futi kamba kutoka alama mpaka usawa wa mchanga, na kutoka hapo mpaka ukingo wa majani. Andikeni kwenye daftari la wageni, kurasa za nyuma. Piteni kusi nzima na kaskazi nzima. Kama kaskazi ikiisha mchanga umerudi pale ulipokuwa, tulieni. Usiporudi, mtafuteni mtaalamu wa pwani afike aone kwa macho, kwa sababu hapo mimi na barua yako hatutoshi. Inabidi kujua kama mchanga unachimbwa mtoni kwa ujenzi, kama kuna mikoko iliyokatwa karibu, au kama kuna jirani aliyejenga kitu kinachozuia mchanga kupita.

Na tafadhali, mzee asijenge ukuta kabla ya hapo. Ukuta wa wima unarudisha wimbi na nguvu zake zote, nalo linafukua mchanga mguuni pake. Mwaka wa pili mna ukuta na hamna ufukwe, na jirani wa upande wa pili anaanza kuliwa. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, kwa hiyo hata lori la kwanza la mawe lisishushwe kabla hamjapita halmashauri na NEMC. Nendeni na lile daftari la vipimo. Afisa akiona namba za miezi kumi na mbili atawasikiliza tofauti na anavyomsikiliza mtu aliyekuja na malalamiko matupu.